Basi Linalotoka Saa Kumi na Moja Alfajiri

Nakala ya mazungumzo kuhusu karakana na matengenezo ya magari ya usafiri wa umma, yaliyoandaliwa kwa ajili ya vikao vya wananchi katika wadi



Wengi walioketi katika ukumbi huu walifika kwa matatu, kwa bodaboda, au kwa miguu baada ya kuchoka kungoja. Wachache wanaweza kukumbuka sura ya dereva aliyewaleta. Mada ya leo ni mtu ambaye hakuna abiria anayemwona: yule anayeongoza matengenezo ya magari na majengo katika shirika la usafiri wa umma. Mikononi mwake kuna mabasi yote, karakana, stoo ya spea, pampu za diseli, mahali pa kuoshea, uwanja wa kulaza magari, na hata taa na vyoo vya stendi. Kazi hiyo ikienda sawa, hakuna anayeuliza jina lake. Ikienda mrama, mama mwenye kliniki ya saa mbili asubuhi anabaki steji hadi saa nne, na foleni ya daktari haimngojei.

Jambo hili ni la kaunti kwa sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaorodhesha usafiri wa kaunti kuwa kazi ya serikali za kaunti, ukiwemo usafiri wa umma wa barabarani, pamoja na barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, na hata feri na bandari, isipokuwa udhibiti wa meli za kitaifa na kimataifa. Kwa miongo mingi kazi ya kubeba watu imeachiwa wenye matatu, na Kenya imezoea hivyo. Lakini kaunti yoyote inapofikiria kununua mabasi yake, au kuingia mkataba na kampuni ya kuyaendesha, swali la karakana linapaswa kuja kabla ya swali la rangi ya basi.

Kwa kawaida haliji. Siku ya kuzindua magari kuna hema, utepe na kamera. Miaka mitatu baadaye baadhi ya magari yale yale yako nyuma ya ofisi, magurudumu yameng'olewa, yamekalishwa juu ya mawe na nyasi zimefika mlangoni. Wananchi wameyaona katika nyua nyingi za serikali, yakiwemo ambulensi na malori ya taka, na hakuna faida ya kujifanya hawajayaona.

Basi hesabu ya kwanza ni hii. Mtu akisema shirika lina mabasi 30, hajasema chochote kuhusu usafiri. Anayeongoza matengenezo hutazama nambari nyingine: mabasi yaliyotoka getini saa kumi na moja alfajiri yakiwa salama. Kama ratiba inahitaji mabasi 25 barabarani wakati wa msongamano, basi matano yaliyobaki si ya anasa. Moja liko katika huduma ya kawaida, jingine limefunguliwa injini, jingine linangoja kioo, na mawili yako tayari kuingia mahali pa litakaloharibika njiani. Marekani, idara ya serikali kuu inayofadhili usafiri wa mijini huyaambia mashirika makubwa yenye mabasi 50 au zaidi kwamba akiba isizidi asilimia 20 ya mabasi yanayohitajika barabarani. Shirika lenye akiba kubwa kupita kiasi linaweza kuwa linaficha mabasi mabovu nyuma ya mabasi mapya.

Idara hiyo hiyo huchukulia kwamba basi kubwa linalonunuliwa kwa fedha za umma litatumika angalau miaka 12 au maili 500,000, yaani takriban kilomita 800,000. Basi linalokwenda kilomita 200 kwa siku litazifikisha katika miaka 11 hivi. Ni safari ndefu, na hakuna basi linaloimaliza kwa nguvu za kiwanda peke yake.

Kazi yenyewe hufanyika usiku. Kuanzia saa mbili usiku mabasi yanarudi moja moja. Kila moja hupita kwanza kwenye pampu ya diseli, na kiasi cha lita huandikwa kando ya kilomita zilizotembewa. Daftari hilo la mafuta lina siri nyingi. Basi lililokuwa likienda kilomita tatu kwa lita na ghafla linakwenda mbili na nusu lina ugonjwa, au lina mwizi, na vyote viwili vinahitaji kushughulikiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kisha basi huoshwa, huzungukwa na mkaguzi mwenye tochi, na hulazwa katika mstari wake. Mkaguzi huangalia tairi, nati za magurudumu, taa, mikanda, milango, dalili za mafuta yaliyodondoka chini. Gurudumu likibadilishwa, nati zake hukazwa, kisha hukazwa tena baada ya basi kwenda mwendo mfupi, kwa kuwa chuma kikikaa vizuri nati hulegea kidogo. Gurudumu linalochomoka barabarani mara nyingi lilianza kuchomoka pale fundi alipoona kukaza mara ya pili ni usumbufu.

Breki zinastahili maneno zaidi. Mabasi makubwa hutumia breki za upepo. Pampu hubana upepo na kuuweka katika mitungi chini ya gari. Upepo una unyevu, na unyevu huo hugeuka maji ndani ya mitungi. Maji yasipotolewa mara kwa mara, vali zinashika kutu, na katika mteremko wenye abiria 60 dereva anakanyaga na kupata nusu ya alichotarajia. Dawa yake ni kufungua kijiko kidogo cha kutolea maji chini ya mtungi. Haigharimu shilingi. Inahitaji mtu aliyepewa kazi hiyo, karatasi ya kutia sahihi, na msimamizi anayepita kuhakikisha kwamba sahihi haikutiwa kutoka kwenye kiti.

Hapo ndipo dereva anapoingia. Anayelijua basi kuliko wote ni yule aliyekaa nalo saa nane. Anasikia klachi ikianza kuteleza, usukani ukivuta kushoto, injini ikitaka kuchemka kwenye mlima. Shirika lenye utaratibu humpa kitabu cha kasoro, na fundi hawezi kuliachilia basi bila kujibu kila mstari uliomo. Dereva wa matatu anayetakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku ana sababu nzuri ya kunyamaza kuhusu breki, maana gari likilala gereji yeye hali. Dereva wa mshahara hana sababu hiyo, mradi tu asiadhibiwe kwa kusema. Kuna wasimamizi wanaomwona dereva anayeandika kasoro nyingi kuwa msumbufu. Mkuu wa matengenezo mwenye akili humwona kuwa mkaguzi asiyelipwa ziada.

Baada ya ukaguzi wa kila usiku kuna huduma kwa kilomita. Chukulia mabasi 25, kila moja kilomita 200 kwa siku. Jumla ni kilomita 5,000 kila siku. Kama kila basi linahitaji oili mpya, vichujio na ukaguzi kamili kila kilomita 10,000, maana yake kila siku mbili basi moja lazima liingie karakana, mvua inyeshe au jua liwake, hata siku ambayo wakubwa wanataka mabasi yote kwenye sherehe. Basi moja likirukwa, wiki ijayo yanakuwa mawili. Mwezi ukiisha hakuna tena ratiba. Kuna kuzima moto. Ukaguzi wa serikali unaofanyiwa magari ya abiria kila mwaka ni wa lazima na una maana yake, lakini basi hilo linakuwa limekwenda zaidi ya kilomita 70,000 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine.

Spea ndiyo sehemu inayovunja moyo. Fundi amegundua ubovu saa nne usiku, anajua dawa yake, na stoo haina. Ombi linapelekwa, sahihi tatu zinatafutwa, bei zinalinganishwa, na basi la mamilioni linalala wiki sita kwa kukosa kifaa cha shilingi elfu chache. Wakati huo jirani yake linaanza kuvuliwa: kwanza taa, halafu betri, halafu pampu. Makanika wana jina baya kwa basi la namna hiyo, na hawakosei, kwa sababu gari likishaanza kutoa viungo halirudi barabarani. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inaruhusu mikataba ya ugavi wa muda mrefu, ambapo bei hukubaliwa mapema na kifaa huagizwa kinapohitajika. Njia ipo. Inahitaji mtu wa karakana aketi na mtu wa ununuzi mwanzoni mwa mwaka akiwa na orodha ya vitu vinavyokwisha haraka: breki, vichujio, mikanda, balbu, vioo vya pembeni.

Orodha hiyo huwa fupi kama mabasi ni ya aina moja. Aina nne za mabasi ni stoo nne, vitabu vinne, na mafundi wanaojifunza mara nne. Wenye umri wanakumbuka Nyayo Bus, shirika la umma lililoanza 1986, baadhi ya mabasi yake yakiwa msaada kutoka nchi za Ulaya. Watu waliyapenda, nauli ilikuwa ya chini, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yametoweka. Basi la msaada huja na bendera ya mfadhili, na haliji na spea za miaka 12. Kampuni ya Kenya Bus Service, iliyoanza kazi Nairobi tangu 1934, ilidumu muda mrefu zaidi, na sehemu ya siri yake ilikuwa gereji kubwa. Hadi leo Eastleigh kuna mahali panapoitwa Garage kwa sababu ya karakana yake. Jengo la matengenezo lilikuwa muhimu kiasi cha kuupa mtaa jina.

Mahali pa kujenga karakana panaweza kuamua mengine yote. Dar es Salaam ilianza mabasi yaendayo haraka Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, kilomita karibu 21 za njia yake maalumu. Barabara ilikuwa nzuri, vituo vizuri. Lakini karakana na maegesho makuu yaliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, ambako maji yalikuwa yakijaa miaka mingi kabla ya mabasi. Mvua kubwa zilipokuja, mto uliingia karakana. Mabasi yaliharibika, huduma ilisimama zaidi ya mara moja, na abiria waliokuwa wamesahau foleni za zamani wakazikumbuka. Sasa Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unahusu pamoja na mengine kuihamisha karakana hiyo na kuinua daraja la Jangwani. Gharama ya kuhama imekuja juu ya gharama ya kujenga.

Kila kaunti ya Kenya ina bonde lake la Jangwani: kipande cha ardhi ya umma kisicho na mtu, cha bei nafuu, karibu na mji, na wazee wa mtaa wanajua kwa nini hakina mtu. Ni vyema waulizwe kabla ya mchoraji kuitwa. Karakana inataka ardhi iliyo juu, mahali ambapo basi lenye urefu wa mita 12 linaweza kugeuka bila kurudi nyuma, sakafu ngumu ya saruji, mashimo ya fundi kuingia chini ya gari, stima ya kutosha, maji, na mtaro wenye kitego cha kutenganisha oili na maji. Hicho cha mwisho hukatwa kwanza bajeti inapobana, na oili chafu huishia mtoni au kisimani kwa jirani. Na iwe karibu na njia za mabasi. Karakana iliyo kilomita 15 kutoka steji ya kwanza inakula diseli kila alfajiri kwa basi tupu.

Mabasi ya umeme yameongeza jambo hapa. Nairobi yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Hayana oili ya injini wala vichujio vya diseli, na hilo ni nafuu kubwa, ila breki, tairi, usukani na milango ni vile vile, na karakana sasa inahitaji laini ya stima yenye uwezo wa kuchaji mabasi mengi usiku mmoja. Hitaji hilo halitimizwi kwa kuvuta waya kutoka nguzo ya jirani.

Wapo watakaosema shirika likishaharibika halirekebishiki. New York inawapinga. Baada ya jiji hilo kukaribia kufilisika mwaka 1975, matengenezo ya reli yake ya chini ya ardhi yaliahirishwa mwaka hadi mwaka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 behewa lilikuwa likiharibika kila baada ya maili 7,000 hivi, yaani kilomita 11,000, na treni zilikuwa zimechorwa ndani na nje hadi madirisha hayaoni. Fedha za ukarabati zilitafutwa, na mwaka 1984 uendeshaji ulikabidhiwa kwa David Gunn, mtu wa reli tangu ujana. Kanuni yake moja ilionekana ya kitoto: behewa likishasafishwa, halitoki tena likiwa na mchoro. Likichorwa usiku, asubuhi linabaki hadi lisafishwe, hata abiria wakibanana. Treni ya mwisho yenye michoro iliondolewa 12 Mei 1989. Rangi haikuwa shida kubwa ya treni zile, lakini behewa lililorudi uwanjani kila usiku kwa ajili ya kufutwa lilikuwa pia limerudi mbele ya macho ya fundi. Pamoja na hayo ulikuja utaratibu wa kubadilisha vifaa kwa muda maalumu kabla havijafa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 behewa lilikuwa likienda zaidi ya maili 100,000 kabla ya kuharibika.

Halafu wakasahau. Fedha na uangalifu vilipungua tena, ucheleweshaji ukaongezeka, na mwezi Juni 2017 gavana wa jimbo alitangaza hali ya dharura katika reli ile ile. Mji tajiri ulihitaji miaka 20 kupanda na michache kuteleza.

Kuna sababu ya kibajeti inayofanya kuteleza kuwe rahisi, na wananchi wa kaunti wanafaa kuijua. Kununua basi ni matumizi ya maendeleo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo katika kipindi cha miaka kadhaa, kwa hiyo basi jipya huonekana vizuri kwenye vitabu. Oili, tairi na mshahara wa makanika ni matumizi ya kawaida, mfuko ule ule unaolipa mishahara yote, na ndiyo mfuko wa kwanza kupunguzwa fedha za serikali kuu zinapochelewa. Hivyo kaunti inaweza kuwa na uwezo wa kununua mabasi kumi na isiwe na uwezo wa kuyabadilishia breki. Si wizi, wala si uvivu wa mtu. Ni mifuko miwili isiyozungumza.

Mafundi nao wapo karibu kuliko inavyodhaniwa. Vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti kwa Jedwali lile lile la Nne, na vijana wanaofundishwa ufundi wa magari humo hutafuta nafasi ya mazoezi kila mwaka. Gereji za jua kali zina mikono yenye ujuzi wa kushangaza. Kinachokosekana mara nyingi ni kifaa cha kupimia na tabia ya kuandika. Kijana anayejifunza kukaza nati kwa kipimo na kutia sahihi jina lake karibu na kazi aliyoifanya anafaa karakana ya umma, na baadaye anafaa gereji yake mwenyewe.

Mwisho, nafasi ya mwananchi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Vikao vya ushirikishaji wa umma huandaliwa kando ya tarehe hizo, na hapo ndipo pa kuuliza kuhusu gari lolote la kaunti, liwe basi, ambulensi au lori la taka: mangapi yanamilikiwa, mangapi yametoka leo asubuhi, karakana iko wapi, na ni kiasi gani kimetengwa kwa spea mwaka huu na mwaka ujao. Asiyeweza kufika kikaoni anaweza kuuliza kwa maandishi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, afisa ana siku 21 za kujibu.